Majira, mkorogo na moshi wa jikoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye dirisha la dawa

Maswali haya huulizwa kwa sauti ya chini, mtu akishanunua Panadol yake na kungoja wa nyuma yake aondoke. Yamejibiwa kwa kumfikiria mkazi wa Tanzania, ingawa mwili ni uleule Mombasa na Bujumbura. Ombi moja tu kabla ya kuendelea: ukija kuuliza, njoo na boksi, kopo au tyubu yenyewe. Ukisema "kile kidonge cheupe", unaweza kuwa unazungumzia dawa yoyote iliyoko rafuni.

Jana nilisahau kidonge cha majira, kile cha kuzuia mimba. Leo nimeze viwili?

Ndiyo. Meza cha jana mara tu unapokumbuka, na cha leo ukimeze saa yako ya kawaida hata kama vitakutana siku moja. Kinga yako haijaharibika.

Ukiruka viwili mfululizo au zaidi, habari ni nyingine. Meza kimoja kati ya ulivyoviruka, vingine achana navyo, endelea na pakiti kama kawaida na tumia kondomu siku 7. Kama umeviruka kwenye mstari wa tatu, ukimaliza vya homoni usiguse vile vya kahawia. Fungua pakiti mpya kesho yake. Kama ni mstari wa kwanza na mmekutana bila kondomu siku hizo, soma jibu la P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, hapo chini.

Vile 7 vya kahawia havina homoni. Kwenye pakiti nyingi ni madini ya chuma, kwa hiyo ukivisahau hujapoteza chochote. Kosa baya ni kuchelewa kuanza pakiti inayofuata, maana mwili umeshakaa wiki nzima bila homoni na ukiongeza siku mbili tatu yai linapata nafasi ya kupevuka.

Hayo ni ya vidonge vya homoni mbili. Anayenyonyesha hupewa aina ya homoni moja, vyote vya rangi moja, visivyo na wiki ya mapumziko, na vina masharti makali zaidi: ukichelewa zaidi ya saa 3, meza, kisha kondomu siku 2. Ndiyo maana tunaomba boksi.

Nina presha. Naweza kutumia majira?

Vile vya homoni mbili, hapana. Vina estrojeni, na estrojeni ikikutana na presha inaongeza uwezekano wa damu kuganda na wa kiharusi. Wengine wasiovitumia ni wavuta sigara waliofika miaka 35, wenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli, na waliowahi kupata damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu. Kijiti cha mkononi, kitanzi cha ndani ya kizazi na vidonge vya homoni moja huwafaa wengi wa watu hawa.

Anayekuuzia majira kwa mara ya kwanza bila kukuuliza habari ya presha amekuuzia kama anauza pipi. Pima kwanza, ni dakika chache tu.

Nachoma sindano ya miezi mitatu na sasa sioni hedhi. Hiyo damu inajikusanya wapi?

Haijikusanyi popote, kwa sababu haipo. Swali hili linaulizwa kuliko mengine yote, na ndilo linalowafanya wengi waache sindano nzuri kwa hofu ya "uchafu kurundikana tumboni", kwa hiyo tulieleze vizuri.

Kila mwezi, kwa mtu asiyetumia chochote, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hunenepa ukijiandaa kupokea yai. Yai lisiporutubishwa, ule unene hubomoka na kutoka. Hiyo ndiyo hedhi. Sindano ya Depo huzuia yai kupevuka na hufanya ukuta ule ubaki mwembamba. Kama hakuna kilichonenepa, hakuna cha kubomoka. Hakuna damu iliyozuiliwa mlangoni ikitafuta njia, haipandi kichwani, wala haigeuki uvimbe.

Miezi ya mwanzo huwa ya vurugu: matone leo, kesho hakuna, wiki ijayo damu ya siku kumi. Wengi hutulia. Baada ya mwaka mmoja karibu nusu ya wanaotumia hawaoni hedhi kabisa. Damu ikiwa nyingi kupita kawaida yako, au ukijisikia kizunguzungu na kuishiwa nguvu, rudi kliniki. Kuna dawa za kuituliza na huna sababu ya kuvumilia.

Yapo mambo ya kweli kuhusu sindano ambayo wahudumu wengine hawayasemi vya kutosha. La kwanza, baadhi ya watu huongezeka uzito. La pili, ukiacha, uzazi hurudi taratibu: kwa wastani mimba huja miezi kama 10 baada ya sindano ya mwisho, na kwa wengine huchukua zaidi ya mwaka. Hiyo haimaanishi umekuwa tasa. Lakini kama mmepanga mtoto mwakani, chagua njia nyingine sasa. Na ukichelewa tarehe yako, hadi wiki 4 bado unaweza kuchomwa bila masharti mengine. Zaidi ya hapo watahakikisha kwanza kuwa huna mimba.

Eti kijiti kinatembea hadi kwenye moyo?

Kijiti kilichowekwa vizuri hukaa palepale, chini ya ngozi ya mkono kwa ndani, juu ya kiwiko. Kipapase: unakihisi kama njiti ya kiberiti. Siku usipokihisi, rudi kituoni wakitafute, usisubiri tarehe ya kukitoa. Cha kimoja hudumu miaka 3, vile viwili miaka 5, na unaweza kuomba kitolewe siku yoyote bila kueleza sababu. Kitolewe na aliyefundishwa, kwa ganzi. Visa vya vijiti kutolewa nyumbani kwa wembe vipo, na makovu yake tunayaona.

Kuna jambo zito kuliko hadithi za kutembea: dawa nyingine zinakidhoofisha. Rifampisini ya kifua kikuu, dawa kadhaa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, na efavirenzi ya VVU zote hulifanya ini liteketeze homoni haraka kuliko inavyotoka kijitini. Majira huathirika vilevile. Sindano na kitanzi cha kopa haviathiriki. Wengi wanaotumia ARV sasa wako kwenye mchanganyiko wenye dolutegravia, ambao hauna shida hii; angalia kopo lako au muulize aliyekupa.

P2 nimeze lini, na ni kweli inaharibu kizazi?

Meza mapema kadiri unavyoweza, ndani ya saa 72. Hadi siku ya 5 inaweza kusaidia, lakini nguvu yake hupungua kila siku. Kama pakiti ina vidonge viwili, meza vyote kwa pamoja. Ule utaratibu wa kimoja sasa na kingine baada ya saa 12 ni wa zamani na huishia kwenye kusahau. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia.

P2 huchelewesha yai kutoka. Kama yai limeshatoka, haina cha kufanya. Kama mimba imeshatunga, haiitoi wala haimdhuru mtoto. Wanaokuja kuinunua ili "kutoa" wanapoteza hela, na wanaokataa kuiuza wakidai inatoa mimba wanakosea.

Haiharibu kizazi. Itakachovuruga ni tarehe za mwezi huo, na hapo ndipo watu huingiwa na hofu. Wiki 3 zikipita bila hedhi, pima mimba. Jua pia kuwa haikulindi na tendo linalofuata, hata la usiku uleule. Ukijikuta unainunua kila mwisho wa wiki, umeshaingia kwenye uzazi wa mpango wa gharama kubwa na kinga ndogo, wakati vituo vya serikali vinatoa kijiti, sindano na vidonge bure.

Anayetumia efavirenzi au rifampisini huhitaji dozi mara mbili, na mwenye uzito mkubwa inaweza isimkinge vizuri. Kwa hao, kitanzi cha kopa kikiwekwa ndani ya siku 5 ndiyo kinga ya dharura yenye nguvu kuliko zote, tena kinabaki kukukinga miaka 10 au zaidi.

Nanyonyesha. Si hiyo inatosha?

Inatosha kama mambo matatu yapo kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu mchana na usiku bila maji, uji wala maziwa ya kopo, na hedhi haijarudi. Moja likiondoka, kinga imeondoka. Bibi akianza kumpa mjukuu uji wa miezi minne, hesabu yako imebadilika bila wewe kuulizwa.

Kondomu na mafuta ya nazi?

Hapana. Mafuta ya aina yoyote, ya nazi, ya mgando au losheni, huilegeza raba ndani ya dakika chache. Tumia kilainishi cha maji.

Mwanamume akifungwa mirija anabaki na nguvu zake?

Anabaki nazo zote. Kinachofungwa ni mirija inayopitisha mbegu. Homoni za kiume hupita kwenye damu, hazipiti humo. Hata shahawa zinaendelea kutoka, ila hazina mbegu. Atumie kondomu kwa miezi 3 ya mwanzo kwa sababu mbegu za zamani bado zimo njiani. Ni upasuaji mdogo kuliko ule wa mwanamke, na bado huku kwetu wanaojitokeza ni wachache sana, wengi kwa hofu ya maneno ya kijiweni.

Tangu nianze majira nina madoa ya kahawia mashavuni. Nipake nini?

Estrojeni na jua vikikutana huleta madoa hayo, sawa na yanayowapata wajawazito. Hatua ya kwanza ni kujikinga na jua, mtandio mpana au kofia pamoja na mafuta ya kuzuia jua. Ya pili ni kuzungumza na kliniki kuhusu kubadili njia. Hatua ambayo wengi huichukua kwanza ni kukimbilia duka la vipodozi, na huko wanauziwa kitu kinachofanya doa dogo liwe tatizo la miaka.

Mkorogo wa kupunguza weusi kidogo tu una ubaya gani?

Hebu tuutazame unavyotengenezwa. Muuzaji anachukua losheni ya kawaida, anafungua tyubu moja au mbili za krimu, anaongeza matone ya chupa ndogo, wengine wanasaga na vidonge, wanakoroga kwa kijiko na kukufungashia kwenye kopo lisilo na lebo. Yeye mwenyewe hajui kila asilimia imefikia ngapi.

Ndani yake kwa kawaida kuna kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni hidrokwinoni, inayozuia ngozi kutengeneza rangi. Ikitumika muda mrefu juani inaweza kugeuza mchezo na kuleta weusi wa bluu-kijivu mashavuni na kuzunguka macho, ambao hautoki tena kirahisi. Cha pili ni steroidi kali kama klobetasoli, dawa ya hospitali ya kutibu magonjwa ya ngozi kwa muda mfupi. Hii hung'arisha haraka, ndiyo maana inapendwa. Kisha ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani na kwapani, na kidonda kidogo kinakataa kupona. Daktari wa upasuaji anaijua ngozi hiyo akijaribu kuishona. Cha tatu ni zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto. Zebaki hubaki kwenye taulo na mashuka, kwa hiyo hata asiyejipaka anaipata.

Vipodozi vyenye zebaki au hidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Bado vinapita. Ukisoma lebo, tafuta maneno hydroquinone, mercury, mercurous chloride, calomel na clobetasol. Kopo lisilo na orodha ya vilivyomo ni jibu tosha.

Na wewe uliyeshaanza na unataka kuacha: usikatishe ghafla kama umejipaka miezi mingi. Steroidi ikikatwa kwa siku moja, ngozi huwaka, hutoa vipele na kuwasha kiasi kwamba wengi hukimbilia kurudi kwenye kopo wakiamini "ngozi yangu imezoea". Mwone daktari wa ngozi akupunguzie hatua kwa hatua. Hatakucheka. Wagonjwa wa namna hii anao kila siku.

Choa kinasambaa kila nikipaka ile krimu ya mchanganyiko. Fangasi imekuwa sugu?

Huenda siyo sugu. Krimu nyingi zinazouzwa kama "dawa ya ngozi ya kila kitu" zina dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali ndani ya tyubu moja. Steroidi inatuliza muwasho siku ya pili na unaamini umepona; huku chini inaipunguzia ngozi ulinzi, na fangasi inatanuka kimyakimya. Ile duara nzuri ya choa inapotea, unabaki na baka lisilo na umbo ambalo hata mganga mzoefu anaweza asilitambue. Tumia krimu ya fangasi peke yake, kwa mfano klotrimazoli, mara mbili kwa siku, upitilize sentimita moja au mbili nje ya choa na uendelee wiki 2 baada ya ngozi kuonekana safi. Hapo ndipo wengi huachia njiani.

Mtoto ana mapunye. Tumemnyoa na kumpaka kila dawa.

Fangasi ya mapunye imeingia ndani ya shina la nywele, krimu haifiki huko. Anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, kwa dozi inayopimwa kwa uzito wake. Ameze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili ifyonzwe vizuri. Wakague na wadogo zake, na kitana kiwe cha kila mtu na chake.

Mtu mweusi anahitaji mafuta ya kuzuia jua?

Kama huna madoa wala ugonjwa wa ngozi, kofia na kivuli vinakutosha kwa kiasi kikubwa, na sioni sababu ya kukufanya ujisikie mzembe. Mwenye madoa ya uso anayahitaji kila siku. Kwa mtu mwenye ualbino ni suala la uhai: saratani ya ngozi huwapata mapema, na huanza na vidonda vidogo visivyopona vya usoni, masikioni na shingoni. Hospitali ya KCMC, Moshi, yenye kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hutengenezwa mafuta ya Kilisun mahsusi kwa ajili yao. Mikono mirefu na kofia pana viendelee kuvaliwa hata ukishapaka.

Nijisafishe ukeni kwa kitu gani ili kusiwe na harufu?

Usijisafishe ndani kwa chochote. Uke una bakteria wake walinzi wanaotengeneza asidi na kuwazuia wabaya. Sabuni, dawa ya kuua vijidudu, limau, shabu na zile "lulu" za kuingiza zinawaua walinzi hao, na baada ya siku chache harufu inarudi kali zaidi. Mtu anaosha zaidi, na mzunguko unaendelea. Maji yanatosha, kwa nje. Ute wa kawaida una harufu yake hafifu. Ukigeuka kijivu wenye harufu ya samaki, au mweupe mzito kama maziwa mgando na muwasho, huo ni ugonjwa unaotibika kwa dawa sahihi.

Huku Njombe baridi ni kali. Naweza kulala na jiko la mkaa nikiacha dirisha wazi kidogo?

Hapana, hata kidogo. Swali hili huja kila Juni na Julai, kutoka Njombe, Makete, Mbeya na Lushoto, na kila mwaka kuna familia ambayo haiamki.

Mkaa ukiwaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Watu hudanganywa na jambo moja: mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi, huonekana salama, na ndipo huingizwa chumbani. Moshi umekwisha, gesi haijakwisha. Hata ukifunikwa majivu bado unatoa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, kisha usingizi mzito. Aliyelala hapati hata onyo hilo. Wawili watatu nyumba moja wakilalamika kichwa kwa wakati mmoja, usidhani ni malaria: watoe nje kwanza, kisha hospitali wakapewe oksijeni. Jenereta ya barazani umeme unapokatika ina gesi hiyohiyo.

Kuhusu baridi: ota moto jioni nje au kwenye jiko lenye bomba la moshi, uutoe kabla ya kulala, kisha blanketi la ziada na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa.

Moshi wa jikoni nimekua nao. Una madhara kweli?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Wengi walikufa kwa magonjwa ya moyo, kiharusi, mapafu na, kwa watoto wadogo, nimonia. Mama anayekohoa kila asubuhi na hajawahi kuvuta sigara anaweza kuwa na mapafu ya mvutaji.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka Watanzania 80 kati ya 100 wawe wamehama kuni na mkaa ifikapo 2034. Kwa nyumba yako, anza na chungu kinacholala motoni muda mrefu kuliko vyote: maharage. Loweka usiku kucha, pika kwa jiko la presha. La umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na wengi hawaamini mpaka waangalie mita yao. Ambaye bado ni mkaa au kuni, apikie nje au penye upenyo pande mbili, mtoto asiwe mgongoni wakati wa kuwasha, na asiwashie kwa vipande vya plastiki. Moshi ule mweusi wa mfuko unaoyeyuka una sumu kuliko kuni zenyewe.

Nasikia harufu ya gesi jikoni. Niwashe feni?

Usiwashe wala usizime chochote cha umeme. Cheche ya swichi inatosha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo fungua mlango, funga mtungi, toa watu. Baadaye tafuta panapovuja kwa povu la sabuni kwenye maungio. Kamwe si kwa kiberiti.

Dawa ya mbu ya kuchoma usiku kucha?

Utafiti uliochapishwa 2003 ulikuta koili moja hutoa chembechembe nyembamba za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Ukitaka kuitumia, iwe barazani jioni. Ndani lala kwenye chandarua chenye dawa, ambacho hakikuombi mapafu yako.

Mwanangu ana pumu. Niache kufukiza udi?

Kwenye chumba chake, ndiyo. Udi na ubani ni moshi pia, hata ukinukia. Hakuna anayekuambia uvunje desturi ya nyumba ya mwambao. Fukiza nguo na sebule akiwa shule, fungua madirisha, na umwingize moshi ukishatoka. Pulizo za marashi hesabu vilevile.

Kuchanganya Jik na dawa ya choo kunatoa uchafu vizuri zaidi?

Kunatoa klorini, gesi inayochoma mapafu. Tumia kimoja, mwagia maji mengi, kingine siku nyingine. Kama umeshachanganya na unakohoa, toka nje mara moja na uache mlango wazi. Kikohozi au kubanwa kifua kukiendelea baada ya kupata hewa safi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, maana mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Na nyungu?

Mvuke unazibua pua kwa muda, na kwa mtu mzima mwenye mafua hauna neno. Hauui virusi. Watoto wasifunikwe kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Majeraha ya moto ya kifuani na mapajani ni mabaya kuliko mafua yaliyotibiwa.

Dalili gani nisizilete dirishani?

Anayetumia majira akapata maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kichwa cha ghafla kisichofanana na vyote alivyowahi kuumwa. Mwenye kitanzi au kijiti aliyekosa hedhi na anaumwa tumbo upande mmoja. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Ngozi inayochubuka na malengelenge mdomoni na machoni siku chache baada ya kuanza dawa mpya. Hao wapite moja kwa moja hospitali, foleni ya dawa wataikuta baadaye.